Maji ya Noah Yanakwenda Wapi?

Madereva wa abiria wana msemo wao: gari linakunywa maji. Wanausema kwa upole, kana kwamba kunywa maji ni tabia ya gari, na dawa yake ni kidumu cha lita tano kinacholala nyuma ya siti ya dereva. Kidumu kikitoka kimejaa asubuhi na kurudi kitupu jioni, basi siku imekwenda salama. Mimi msemo huo siupendi hata kidogo. Maji ya injini yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Hayachomwi kama petroli, na yakipungua kuna mahali yametokea. Kwenye Toyota Noah za zamani, mahali penyewe mara nyingi ni wota pampu, ile inayoyazungusha maji hayo.

Ninazo Noah mbili, zile za SR40, zenye injini ya 3S-FE ya lita mbili iliyolala chini ya viti vya mbele. Zinapiga abiria kati ya Arusha na Namanga, mpakani na Kenya. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba ukitoka mjini unapanda kupitia Ngaramtoni mpaka Oldonyo Sambu, halafu unateremka kwenye joto la Longido. Kurudi ndiyo shughuli. Mpando wenyewe si wa kutisha, hauna kona za kumfanya abiria ashike siti, lakini ni mrefu na haukupi pumzi. Gari limejaa watu na mizigo, jua la mchana linapiga, upepo unakuja kwa nyuma. Mlima wa namna hiyo unaipima pampu kuliko mlima mkali mfupi, maana injini inatoa joto jingi mfululizo na kila tone la maji linatakiwa liondoke kwenye silinda, lifike kwenye rejeta likapoe, lirudi. Pampu iliyochoka itakudanganya vizuri tu mjini, pale Kilombero au kwenye foleni ya Sakina. Huku mlimani haiwezi.

Pampu yenyewe ni kitu kidogo cha kushika mkononi. Mbele ina puli, katikati mhimili uliokaa juu ya beringi, nyuma mapanga yanayosukuma maji, ambayo mafundi wanayaita impela. Kati ya beringi na maji kuna sili, kizuizi cha kuyazuia maji yasipite, na uhai wote wa pampu umo humo. Sili hiyo ina nyuso mbili zinazobanana, kwa kawaida mmoja wa kaboni na mwingine wa kauri, na zinasuguana muda wote injini ikiwaka. Kinachozilainisha ni utando mwembamba wa kulanti yenyewe, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini. Kwa hiyo pampu ikizungushwa kavu, nyuso zinaungua. Ikizungushwa kwenye maji yenye kutu na mchanga, zinachanika. Vyote viwili ni matokeo ya maji tunayotia, wala si ya umri.

Chini ya mhimili kuna kitundu kidogo. Hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Maji yakivuka sili, yatokee hapo kabla hayajaifikia beringi na kuosha grisi yake. Pampu ikianza kudondosha tone moja moja kwenye kitundu hicho, inakupa taarifa mapema, na ukiisikia una nafasi ya kupanga siku ya gereji. Nimewahi kukuta fundi amekiziba kwa gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, na amejivuna kwamba ameokoa pesa ya mteja. Tone lilikoma, ndiyo. Maji yakaenda kwenye beringi badala ya kwenda nje. Gari hilo halikuwa langu, lakini nililiona likirudi kwa kamba, beringi imesagika.

Shida ya 3S-FE ni kwamba huwezi kukiona kitundu hicho. Pampu imekaa nyuma ya kava la plastiki, na inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule ule unaozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na pampu ya oili. Mwenye Corolla yenye injini ya 5A ana nafuu: pampu yake inazungushwa na feni belti, puli iko wazi, anaweza kuzima injini, akaishika na kuitikisa kama inacheza. Mwenye IST au Raum yenye 1NZ ana nafuu pia, maana injini ile inatumia cheni ya taimingi na pampu iko nje kwenye mkanda wa alteneta. Sisi wa Noah za zamani tunasoma dalili kwa mbali. Unalala chini, unamulika kwa tochi ya simu upande wa mbele wa injini, kwenye ukingo wa chini wa kava la taimingi. Ukiona michirizi mikavu ya pinki, kijani au nyeupe kama chumvi, na ukajua hakuna mpira wa rejeta unaovuja juu yake, hilo ni jibu.

Dalili nyingine ni harufu. Kulanti inanukia utamu inapoungua juu ya chuma cha moto. Siku pampu ya kwanza ilipogundulika, dereva alikuwa anaapa kwamba chini ya gari hakuna hata tone. Nililipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji Unga Limited ambaye amezifungua Noah nyingi kuliko anavyokumbuka. Alifunua siti ya mbele, akainamisha kichwa, hakugusa spana.

"Mama, hii pampu imeshaaga."

"Imeagaje, fundi, na chini hakuna maji?"

"Hayafiki chini. Yanakaukia njiani. Hebu njoo unuse."

Nikanusa, na kweli. Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mwili wa injini karibu na pampu, mpini akauweka sikioni, akamwambia dereva awashe. Akanipa na mimi nisikilize. Beringi nzima inatoa mvumo laini. Hii ilikuwa inakwaruza, kama kuna changarawe ndani. Njia hii ni ya zamani na bado sijaona kifaa cha bei nafuu kinachoishinda, ila kama umejifunga mtandio, ufungue na uuweke pembeni kwanza. Mikanda haina huruma na nguo.

Kuhusu geji kwenye dashibodi, nasema bila kuogopa: usiiamini peke yake. Sensa ya joto inapima maji yanayoigusa. Maji yakipungua mpaka sensa ikabaki kwenye mvuke, mshale unaweza kukaa katikati, au hata kushuka, wakati silinda hedi, kichwa cha juu cha injini, inaiva. Dereva wangu mmoja alishangilia kwamba gari limepoa lenyewe mlimani. Gari halipoi lenyewe likiwa limejaa na linapanda. Tangu hapo nimewafundisha njia nyingine ambayo haigharimu kitu: kufungulia hita. Arusha mwezi wa saba hita tunaijua vizuri, si kifaa cha pambo. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo ya hita, kwa hiyo mshale ukiwa juu na hita ikapuliza upepo baridi, maana yake maji hayafiki huko. Ama yamekwisha, ama kuna hewa imekaa njiani, ama pampu haisukumi. Hapo unasimama pembeni na kuzima. Hita ikipuliza moto mkali, maji bado yanazunguka, na kuifungulia yote kwa feni kubwa kutakusaidia kupunguza joto mpaka upate mahali salama pa kusimama. Abiria watalalamika. Waache walalamike.

Pampu ikishathibitika, kazi ya kuibadilisha kwenye 3S-FE karibu yote ni ya kufungua na kufunga. Maji yanamwagwa, mikanda ya nje inatoka, puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, inatoka, makava yanatoka, mkanda wa taimingi unatoka, ndipo unaiona pampu. Kwa sababu hiyo mzee hakukubali kuniwekea pampu peke yake, na nilipoona kilichofunguliwa nikamwelewa. Ukishafika pale, mkanda wa taimingi unaubadilisha, maana Toyota wanautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000 na hakuna anayejua kwa hakika umekwenda ngapi. Unabadilisha puli za kukazia mkanda, kwa sababu beringi zake zina umri ule ule. Unabadilisha sili za oili za kamshafti, krenki na pampu ya oili, ambazo bei yake ni ndogo, lakini ikivuja moja wiki ijayo utalipa ufundi wote upya. Vilevile kinyume chake: anayebadilisha mkanda wa taimingi akaiacha pampu ya zamani kwa sababu "bado haivuji" anaweka akiba mahali pabaya. Pampu ikikwama baadaye, itaung'oa meno huo mkanda mpya.

Hapa 3S-FE ina wema wake. Inasifika kwamba mkanda ukikatika, pistoni hazigongani na valvu. Gari linazima, unavutwa, unafunga mkanda mwingine. Injini nyingine nyingi hazikusamehi hivyo. Lakini wema huo hauna faida kubwa kama umezimika baada ya Longido na watu wanane wanaotaka kuwahi mpakani.

Kununua pampu ni somo jingine. Kwa 3S-FE inauzwa kwa namna mbili. Kuna inayokuja nzima, na mwili wake wa nyuma, na kuna nusu ya mbele peke yake ambayo unaifunga kwenye mwili wa zamani. Nusu ni rahisi kwa bei, na si mbaya, ikiwa mwili wa zamani haujaliwa na kutu pale inapokaa gasketi ya kuziba maji. Wetu ulikuwa umeliwa. Uso wake una vishimo, na uso wenye vishimo hata uweke gasketi ya dhahabu utavuja. Kwa hiyo usiende dukani mpaka ya zamani ifunguliwe, na uende nayo mkononi. Muuza spea akikuambia "ni ile ile," ziweke sambamba: hesabu meno ya puli, pima kimo chake, tazama matundu ya bolti. Izungushe kwa kidole. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo, kwa sababu sili inabana, lakini bila kukwaruza na bila kucheza kushoto kulia. Tazama mapanga: yasiguse mwili, wala yasiwe mbali nao mno. Chungulia kitundu, hakikisha hakikuzibwa na rangi.

Maboksi nayo yana hadithi. Aisin wanatengeneza pampu zinazofungwa kwenye Toyota kiwandani, na jina kama hilo lazima liigwe. Nimeona boksi lenye jina kubwa na ndani pampu nyepesi ambayo uso wake wa gasketi haukuchongwa ukanyooka. Ya namna hiyo tulifungiwa siku moja kwenye Noah ya pili, kutoka duka ambalo lilikuwa limetuuzia vitu vizuri kwa muda mrefu, na haikuumaliza msimu wa mvua. Tangu hapo nanunua kwa muuzaji anayekubali kuandika kwenye risiti jina halisi la kitu na kwamba kikiwa na kasoro atakipokea. Asiyetaka kuandika namshukuru, naenda duka la pili. Na pampu ya mtumba, ile iliyotolewa kwenye injini ya Japani, sinunui hata ikiwa na muhuri wa Toyota. Injini ya mtumba, sawa, boksi la gia, sawa. Lakini sili iliyokaa kavu kwenye rafu baada ya miaka ya kazi, huwezi kujua imebakiwa na nini, na ufundi wa kuifunga ni ule ule.

Kwenye kufunga, ugomvi wangu na mafundi vijana ni silikoni. Wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Ikibanwa, nusu yake inatoka nje, unaiona na unafurahi. Nusu nyingine inaingia ndani usikoiona, inakatika vipande, inakwenda kukaa kwenye thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, au kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Pampu nyingi zinakuja na gasketi inayotosha yenyewe ikiwa nyuso ni safi. Mzee wetu alitumia muda mrefu zaidi kusafisha uso wa injini kuliko kufunga pampu. Alikwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu na kitambaa, hakutumia kisu, maana mwili wa aluminiamu ukichubuka ndiyo umeshafungua njia ya maji. Akabadilisha na pete ya mpira ya bomba la nyuma, kitu kidogo ambacho wengi wanakirudisha cha zamani, kisha wanalaumu pampu. Bolti alizikaza kwa zamu, moja huku, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. Baada ya mkanda kukaa, aliizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, akarudi kutazama alama za kamshafti na krenki kama zimelingana tena. Fundi anayewasha kwa ufunguo kabla ya kufanya hivyo, mwondolee gari lako.

Thamostati ilikuwa haimo. Mtu kabla yetu aliitoa, kwa imani ile iliyoenea kwamba nchi ya joto haihitaji. Mzee alirudisha nyingine, na mimi nilimuunga mkono. Bila thamostati injini inachelewa kufikia joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini baridi, na asubuhi za Oldonyo Sambu ni baridi kweli. Niliona tofauti kwenye hesabu ya mafuta. Thamostati ikiharibika, itoe na uweke nyingine. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, na lazima ufunguke uwazi wake kabla maji hayajachemka. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi.

Kisha hewa. Noah ina mabomba marefu kutoka rejeta iliyoko mbele mpaka injini iliyoko chini ya viti, na hewa inapenda kujificha humo. Ukijaza maji, ukafunga mfuniko na kuondoka, utachemsha siku hiyo hiyo na kuilaumu pampu mpya. Sisi tunasimamisha gari pua ikielekea juu kwenye mteremko, tunafungulia hita hadi moto kabisa, tunajaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, injini ikinguruma polepole. Tunaminyaminya mpira wa juu wa rejeta, mapovu yanatoka, maji yanashuka, tunaongeza. Tunangoja thamostati ifunguke, mpira wa chini uanze kushika moto. Feni ikiwaka na kuzima yenyewe, ndipo tunafunga. Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, unafungua tena na mara nyingi unakuta inataka kidogo. Hiyo ni hewa iliyobaki imetoka. Siku za mbele ikiendelea kutaka, hapo una mvujo.

Sasa maji yenyewe. Ukanda wetu huu wa Arusha na Kilimanjaro maji mengi ya ardhini yana madini. Ya floridi yameacha alama kwenye meno ya watu wengi tunaowajua. Visima vya kuelekea Longido vingine vina chumvi ya kuonja kabisa. Maji ya namna hiyo ukiyatia kwenye injini kila siku, yanapochemka yanaacha magamba kwenye kuta, magamba yanazuia joto lisitoke, na yakibanduka yanapita kwenye sili. Maji matupu pia hayana dawa ya kuzuia kutu. Na kuna jambo la urefu kutoka usawa wa bahari: Arusha mjini ni kama mita 1,400, ambako maji matupu kwenye sufuria wazi yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Mfuniko wa rejeta unaobana vizuri ndio unaopandisha kiwango hicho kwa kuweka presha, kwa hiyo mfuniko uliolegea mpira unaweza kulichemsha gari ambalo pampu yake ni nzima. Badilisha mfuniko kwanza, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na uangalie namba ya presha iliyoandikwa juu yake isitofautiane na ya zamani.

Mimi natumia kulanti iliyokolea, nachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Haya yanauzwa kwenye maduka ya betri, ila soma chupa na uulize mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na watu wengi wanaviita vyote viwili maji ya betri. Kulanti zilizokwisha kuchanganywa zipo pia, lakini nyingine sokoni ni maji yaliyotiwa rangi. Nikimwaga kidogo kiganjani na nisihisi utelezi wowote, sinunui tena. Usichanganye rangi na aina bila kujua. Ukitaka kubadilisha, mwaga yote, suuza, ndipo ujaze. Hiyo uliyomwaga usiiache kwenye beseni. Ina ladha tamu na ni sumu, na mbwa au mtoto hatajua tofauti.

Noah ya pili ilinifundisha kitu ambacho kitundu hakisemi. Ilikuwa haivuji popote. Maji yanakaa pale pale, mjini mshale hausogei, lakini kila ikipanda kutoka Longido inachemsha. Tulisafisha rejeta, tukabadilisha thamostati na mfuniko, tukapima kama gasketi ya hedi imeungua, haikuwa imeungua. Mzee alipoifungua pampu, sili ilikuwa nzima na beringi kimya. Mapanga ndiyo yaliyokuwa yameliwa na kutu, yamebaki vipande vyembamba visivyosukuma kitu. Mmiliki wa kwanza alikuwa ameiendesha kwa maji ya bomba miaka yote. Kuna na pampu ambazo impela inalegea kwenye mhimili. Puli inazunguka, mapanga yanabaki nyuma. Kwa hiyo gari likichemsha kwenye mlima tu, na halipotezi maji, pampu iwekwe kwenye orodha ya washukiwa hata ikiwa kavu kwa nje.

Kwa madereva nina amri ambazo sijadiliani nazo. Gari likichemsha, mfuniko haufunguliwi mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuungua. Maji yaliyo kwenye presha yanageuka mvuke mara tu unapolegeza, na nimeona uso wa konda uliobabuka. Injini ya moto haimwagiwi maji baridi, wala haijazwi kwa haraka. Hedi ni ya aluminiamu, ikipoozwa upande mmoja ghafla inapinda au kupasuka, na hapo mazungumzo si ya pampu tena, ni ya kung'oa hedi na kuipeleka kwa mtu wa mashine aisawazishe. Bizari kwenye rejeta, yai kwenye rejeta, sabuni, sitaki kusikia. Mvujo utaziba, na hita na vijia vya rejeta vitaziba pamoja nao. Na kidumu cha lita tano kinabaki kwenye gari, sikuondoa, ila kila kinapotumika dereva anaandika kwenye daftari ameongeza wapi na kiasi gani. Mwanzoni walinung'unika. Lakini daftari likionyesha kwamba nusu lita inakwenda kila safari ya kurudi, naita gereji kabla mlima haujaniita.

Anayenunua Noah iliyotumika, kabla hajaangalia redio, afungue sehemu ya injini na kutafuta stika. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika karatasi ndogo ikionyesha mkanda wa taimingi ulibadilishwa tarehe ipi na kwenye kilomita ngapi. Ikiwepo, uliza kama pampu ilibadilishwa pamoja nao. Isipokuwepo, chukulia kwamba hakuna kilichobadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei mnapopatana, na ulipeleke kwa fundi kabla hujaliingiza barabarani. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta utumbukize kidole. Kikitoka na rangi ya kulanti, endelea na mazungumzo. Kikitoka na tope la kutu, muulize mwenye gari lilikuwa linakunywa maji kiasi gani, usikilize atakavyojibu.